Kuchagua Chujio la Maji kwa Safari Ndefu ya Miguu

Mtu mzima atembeaye juani na mzigo mgongoni huhitaji lita tatu hadi nne za maji ya kunywa kwa siku, mbali na maji ya kupikia. Kwa safari ya siku sita hizo ni kama lita 24. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, msafiri angelazimika kuondoka kwake na kilo 24 za maji peke yake. Hakuna awezaye kufanya hivyo na bado akachukua chakula, blanketi na hema. Kwa hiyo msafiri wa miguu, awe askari, mpima ardhi au mwanafunzi wa jiografia, hana budi kunywa maji ayakutayo njiani. Ndipo anapokwenda dukani na kuuliza: chujio lipi ni bora?

Swali hilo likiulizwa hivyo halina jibu. Hakuna chujio lililo bora kwa maji yote. Lipo chujio lifaalo kuzuia kitu fulani kilichomo katika maji fulani, na chujio hilo hilo huenda lisifae kitu mahali pengine. Swali la kwanza ni hili: maji haya yana nini ndani yake, na hicho kilichomo kina ukubwa gani?

Ili tusizungumze mambo ya jumla tu, tuchukue njia moja halisi. Kaskazini mwa Tanzania wasafiri wengi hutembea kutoka Nainokanoka, karibu na kreta ya Olmoti, wakapita ukingo wa kreta ya Empakaai hadi Nayobi, kisha wakateremka Bonde la Ufa mpaka Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Njia huanza penye baridi na ukungu, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ikaishia penye joto kali, mita 600 hivi. Maji ya nchi hiyo ya volkano si ya namna moja. Kuna vijito, kuna madimbwi wanyweshwamo ng'ombe na punda, na kuna maji yenye magadi.

Ukubwa wa vitu vilivyomo majini

Kipimo tutakachotumia ni mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mayai ya minyoo ya tumbo, kama mchango, yana mikroni kadhaa za makumi. Vifuko vya amiba iletayo kuhara damu vina mikroni 10 hadi 20. Vile vya Giardia, ambayo huleta kuhara kwa muda mrefu, vina mikroni 8 hadi 12, na vya Cryptosporidium, apatikanaye sana kwenye mavi ya ndama, vina mikroni 4 hadi 6. Bakteria ni wadogo zaidi: yule wa kipindupindu na yule wa homa ya matumbo wana unene wa nusu mikroni au zaidi kidogo. Virusi huanguka mbali chini ya hapo. Kirusi cha homa ya ini ya aina A kina upana wa mikroni 0.027 tu.

Tarakimu kama hizo ni vigumu kuzipigia picha akilini. Basi tulikuze chujio mara milioni kumi. Chujio lenye vitundu vya mikroni 0.1, ambalo ni la kawaida katika maduka ya vifaa vya safari, litakuwa na milango yenye upana wa mita moja. Kifuko cha Giardia kitakuwa na urefu wa mita 100, sawa na kiwanja cha mpira, hakitapita. Bakteria wa kipindupindu atakuwa na unene wa mita tano, naye hatapita. Lakini kirusi cha homa ya ini kitakuwa na upana wa sentimita 27, kama tikiti maji, nalo tikiti maji hupita mlangoni bila shida. Na ioni ya floridi, ambayo tutairudia baadaye, itakuwa na upana usiofika milimita tatu: punje ya ufuta mlangoni.

Historia ya sayansi inatupa ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1884 Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Louis Pasteur mjini Paris, alitengeneza chujio la kauri lililoweza kuwazuia bakteria wote waliojulikana wakati huo. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky, huko Urusi, alichuja kwa chujio la namna hiyo maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa madoa, akakuta kwamba maji yaliyochujwa bado yaliambukiza mimea mizima. Kilichopita hakikuonekana kwa hadubini ya siku zile. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia kazi hiyo na kukipa kitu hicho jina la kirusi. Hivyo basi elimu ya virusi ilianzia kwenye mpaka wa uwezo wa chujio.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba tundu kubwa halina kazi kamwe. Mnyoo wa Guinea huingia mwilini mtu anywapo maji yenye vidudu vya majini vya jamii ya kamba, vyenye ukubwa wa kama milimita moja, vilivyobeba viluwiluwi vya mnyoo huo. Kitambaa kilichofumwa vizuri, au mrija wenye wavu mdomoni, hutosha kuvizuia. Kwa vifaa duni hivyo, pamoja na elimu na uangalizi wa vijiji, ugonjwa uliokadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 3 mwaka 1986 ulishuka hadi wagonjwa 14 duniani kote mwaka 2023. Huko Bangladesh nako, matokeo ya utafiti wa Rita Colwell na wenzake yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa angalau mara nne kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Matundu ya kitambaa hicho ni makubwa mara nyingi kuliko bakteria. Lakini bakteria wa kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye vidudu vile vya majini, na kidudu kikizuiwa, abiria wake huzuiwa pamoja naye. Mwalimu wa biolojia ataona kwamba hapa ukubwa peke yake hautoshi. Ni lazima kujua pia tabia ya kiumbe.

Kwa nini vitundu vidogo huchelewesha maji

Mwanafunzi huweza kuuliza: kama virusi hupita kwenye mikroni 0.1, kwa nini tusitumie mikroni 0.02 daima? Jibu limo katika kanuni iliyopatikana na Jean Poiseuille, tabibu wa Ufaransa, katika miaka ya 1840. Maji yanayopita katika mrija mwembamba kwa kani ile ile hupungua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, mrija mmoja utapitisha sehemu moja ya kumi na sita. Ni kweli kwamba katika eneo lile lile unaweza kuweka vitundu vidogo vingi zaidi, mara nne. Hata hivyo jumla ya maji bado itakuwa robo. Kutoka mikroni 0.2 hadi 0.02, unene wa utando ukiwa ule ule, maji yatakuwa machache mara 100. Msafiri aliyekuwa akijaza chupa kwa dakika mbili angengoja zaidi ya saa tatu.

Watengenezaji wameitatua shida hiyo kwa kuongeza eneo. Machujio mengi mepesi ya siku hizi yana mamia ya nyuzi zenye uwazi ndani, mfano wa tambi za bomba, nazo kuta zake zimejaa vitundu. Tuseme zipo nyuzi 400, kila moja na kipenyo cha milimita 0.4 na urefu wa milimita 150. Ukuta wa uzi mmoja una eneo la 3.14 × 0.4 × 150, yaani milimita za mraba 188. Nyuzi zote zina zaidi ya sentimita za mraba 750. Eneo hilo, karibu sawa na kurasa mbili za daftari, limekunjwa ndani ya kopo liingialo katika kiganja. Ufundi huu ni ndugu wa ule utumikao hospitalini kuwasafishia damu wagonjwa wa figo.

Aina zipatikanazo

Chujio la kauri au la udongo wa diatomu ndilo kongwe. Huvumilia maji ya tope, kwa sababu likiziba husuguliwa kwa brashi na tabaka jipya likatokea. Lakini ni zito, tena likianguka penye mwamba hupata ufa usioonekana, na ufa mmoja wa upana wa unywele ni mlango mkubwa kuliko vitundu vyake vyote.

Chujio la nyuzi ni jepesi, mara nyingi halifiki gramu 150, na linasafishwa kwa kurudisha maji safi kinyume kwa bomba la sindano. Adui yake ni barafu. Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi na kuzipasua nyuzi, nawe usione alama yoyote kwa nje. Anayelala juu ya Kilimanjaro au kwenye ukingo wa Empakaai usiku wa baridi kali na alale na chujio lake ndani ya blanketi.

Lipo jaribio rahisi la kutambua nyuzi zilizopasuka. Lowesha chujio lote, tumbukiza upande wa maji machafu ndani ya bakuli la maji, kisha puliza kwa mdomo kutoka upande wa maji safi. Chujio zima halipitishi hewa, kwa sababu mvuto wa uso wa maji huyashika maji katika kila kitundu: kwa kitundu cha mikroni 0.1 ingehitajika kani ya karibu angahewa 28 kuyasukuma nje, wakati mapafu ya binadamu hayafikishi hata nusu ya angahewa moja. Mapovu yakitoka kwa urahisi, nyuzi zimepasuka, na chujio hilo ni la kutupwa.

Mkaa maalumu, unaowekwa ndani ya machujio mengine, hunasa harufu, rangi, klorini na baadhi ya dawa za kilimo. Vijidudu hauviui. Maji yatokayo humo yana ladha nzuri, na hapo ndipo mtu hudanganyika.

Kuhusu asilimia ziandikwazo kwenye makasha, msomaji na azitazame kwa makini. Tuseme lita moja ya maji ya dimbwi ina bakteria 1,000,000. Chujio la "asilimia 99" huacha bakteria 10,000, la "asilimia 99.9" huacha 1,000; la asilimia 99.9999 huacha mmoja. Kwa macho ya mnunuzi tofauti ni tarakimu chache baada ya nukta. Kwa tumbo lake ni tofauti ya ugonjwa na afya.

Moto na dawa

Kuchemsha huua bakteria, protozoa na virusi vyote viletavyo magonjwa ya maji. Inatosha maji yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Katika kibanda cha Kibo, mita 4,720, maji huchemka yapata sentigredi 84, nalo joto hilo bado huua. Kikwazo ni uzito wa mafuta. Kupasha lita moja kutoka sentigredi 15 hadi 95 huhitaji kilojuli 336. Gramu moja ya mafuta ya taa hutoa kilojuli 43. Stovu ikipoteza sehemu tatu kwa tano ya joto, zinabaki 17. Basi kila lita itakula gramu 20 za mafuta, na lita 24 zitakula karibu nusu kilo, kwa mtu mmoja. Kukata kuni badala yake katika hifadhi hakuruhusiwi, wala hakupendezi.

Vidonge vya klorini ni vyepesi kuliko kitu chochote tulichokitaja, navyo huua virusi na bakteria vizuri katika maji maang'avu. Havimwezi Cryptosporidium kwa kipimo cha kawaida. Iodini nayo hufanya kazi, ila haifai kwa wajawazito, kwa wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, wala kwa matumizi ya miezi mingi. Taa ndogo za urujuanimno huhitaji betri na maji yasiyo na tope, kwa kuwa kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya udongo hakifikiwi na miali.

Sasa mwanafunzi aweke mambo mawili pamoja. Chujio la mikroni 0.1 huzuia bakteria na vifuko vya protozoa, lakini huachia virusi. Klorini huua virusi, lakini humwachia Cryptosporidium. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Kwa maoni yangu chujio jepesi la nyuzi, likifuatwa na kidonge cha klorini, linamfaa msafiri wa nchi zetu kuliko kifaa kimoja cha bei kubwa. Kidonge hicho kina umuhimu zaidi karibu na makazi, kwani virusi vya magonjwa ya binadamu hutoka hasa katika kinyesi cha binadamu, wala si cha mifugo.

Kile ambacho chujio halioni

Hadi hapa tumezungumza juu ya viumbe. Lakini katika nchi ya volkano, kuanzia miteremko ya Meru hadi Natron, maji huwa na kitu kingine: floridi iliyoyeyuka kutoka katika miamba. Kitu kilichoyeyuka si chembe ielekeayo juu ya maji. Ni ioni zilizotawanyika kati ya molekuli za maji. Ioni ya floridi ni ndogo zaidi ya mara 300 kuliko kitundu cha mikroni 0.1. Kauri, nyuzi, kitambaa na mkaa wa kawaida havizuii kitu hapo. Klorini haibadilishi neno. Na kuchemsha huongeza ubaya: lita 10 zenye miligramu 3 za floridi kwa lita zikichemshwa hadi zikabaki lita 9, mvuke huondoka na floridi hubaki, na kila lita sasa ina miligramu 3.3.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji mengine, iliweka mwaka 1974 kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kiwango kilichokuja kupunguzwa baadaye. Katika maziwa ya Momela, upande wa mashariki wa Mlima Meru, floridi huhesabika kwa mamia ya miligramu. Magadi yenyewe, ambayo wapishi wengi hutia katika maharage ili yalainike upesi, huwa na floridi pia.

Je, msafiri wa siku sita aogope? La. Floridi ya kiasi kilichomo katika chemchemi nyingi hudhuru kwa miaka, si kwa siku. Anayedhurika ni mtoto mwenyeji, ambaye meno yake ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi kabla ya kutimiza miaka minane hivi, yakatoka na madoa ya kahawia. Na akiendelea kunywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa huathirika, viungo vikakakamaa. Maji hayo huweza kuwa maang'avu kabisa, baridi, na matamu kinywani. Ndiyo maana ni lazima tahadhari: mgeni amalizapo safari mara nyingi humwachia mwenyeji wake chujio kama zawadi. Zawadi hiyo ni njema kwa kuhara. Familia ikiambiwa kwamba maji sasa "ni salama", ikaacha kufuata chemchemi ya mbali yenye floridi ndogo, zawadi imeleta hasara.

Njia za kuondoa floridi zipo, ila hazifanyi kazi kwa tundu bali kwa kemia. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wametumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa katika tanuru lenye hewa kidogo na kusagwa. Mfupa una madini ya fosfati ya kalsiamu yaliyo na ioni za hidroksidi. Maji yakipita polepole, floridi huchukua nafasi ya hidroksidi na kubaki kwenye mfupa. Nafasi hizo zikijaa, mfupa hauna kazi tena mpaka ubadilishwe au utengenezwe upya, kwa hiyo ni lazima maji yapimwe mara kwa mara. Kifaa cha namna hiyo ni cha nyumbani au cha shule, si cha kubebwa katika shanta.

Kwa njia yetu ya Natron, basi, ningechukua kitambaa safi cha kuchujia takataka na vidudu vikubwa. Chujio la nyuzi la mikroni 0.1 na bomba lake la sindano. Vidonge vya klorini. Na sufuria ya kuchemshia iwapo chujio litavunjika. Maji ya tope yaachwe yatulie usiku kucha kwenye dumu kabla ya kuchujwa. Mbegu za mlonge zilizopondwa huharakisha kutulia huko. Kabla ya kuteremka Bonde la Ufa ningejaza maji ya vijito vya juu, nikayapakia juu ya punda, kwa kuwa maji ya ziwa lenye magadi hayawezi kunyweka kwa chujio lolote la mkononi. Tena nisingevuka wala kuoga katika maji yaliyotulia ya nchi ya chini penye kichocho, kwani viluwiluwi vyake hupenya ngozi, navyo havingoji kupita kwenye chujio.

Jaribio la darasani

Changanya katika lita moja ya maji kijiko cha udongo mfinyanzi, kijiko cha chumvi na matone machache ya wino. Chuja sehemu moja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, sehemu ya pili kwa karatasi ya kuchujia, na ya tatu kwa karatasi iliyojazwa mkaa uliosagwa na kuoshwa. Linganisha udongo na rangi katika kila glasi. Kisha kausha matone kumi ya kila glasi juu ya kipande cha kioo kilichopashwa moto, utazame kinachobaki. Penye maabara, ongeza tone la nitrati ya fedha kwenye kila glasi. Mashapo meupe ni alama ya kloridi.

Maswali

1. Ni kitu gani kilizuiwa na mkaa ambacho karatasi haikukizuia? Ni kitu gani hakikuzuiwa na chochote?

2. Lita 12 za maji zenye miligramu 2.5 za floridi kwa lita zimechemshwa zikabaki lita 10. Kila lita ina miligramu ngapi sasa?

3. Machujio mawili yana eneo na unene sawa, na vitundu vimejaa kwa kiasi sawa. Moja ni la mikroni 0.4, la pili la mikroni 0.1. La kwanza hujaza chupa kwa dakika moja. La pili litachukua dakika ngapi?

4. Familia moja kwenye mteremko wa Meru imepewa chujio la nyuzi na msafiri. Taja vitu viwili ambavyo ungevipima katika maji yao kabla na baada ya kuchujwa, na ueleze ni kipi unatazamia kikute kimebadilika na kipi kimebaki kama kilivyokuwa.